Aliyemtoa Zefania Majini

Zefania Mgonja alizaliwa Mbaga, juu milimani Upare, mahali ambapo maji si kitu cha kuchezea. Maji yao yalikuwa ya ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na mababu ili kukusanya maji ya kijito usiku kucha, na asubuhi yafunguliwe yateremke mashambani. Baba yake ndiye aliyekuwa akiifungua ndiva ya mtaa wao. Kila alfajiri, kabla ya kung'oa kizibo, mzee yule alivua kofia, akasema "Shikamooni," akanyamaza kidogo, ndipo akainama kufanya kazi. Hakuwa akisema na maji. Aliwaamkia walioichimba ile ndiva. Alisema ni utovu wa adabu kugusa kazi ya mikono ya mtu bila kumsalimu, hata kama mwenyewe amelala kaburini. Jumapili alikwenda kanisani kama wenzake, na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Watoto hawakuruhusiwa kutia hata mguu ndivani. Kwa hiyo Zefania alikua, akaoa, akavuka bahari kwa ndege, akafika Maryland, Marekani, na bado hakujua kuogelea. Yeye na mkewe Vumilia walipata nyumba ya kupanga Oxon Hill. Vumilia akaingia kazi ya kufua mashuka na taulo katika hoteli moja kule National Harbor. Zefania aliosha magari, akaegesha magari ya watu, mpaka siku alipoambiwa kwamba ng'ambo ya daraja, Alexandria, jimbo la Virginia, kuna bwawa la zamani la kuogelea linalotafuta mtunzaji.

"Baba Irene," Vumilia alimwambia, "mtu wa Mbaga na bwawa la kuogelea wapi na wapi? Ukidumbukia nani atakuokoa?"

"Nitasimama tu. Maji yananifika kidevuni."

"Upande mmoja. Na upande mwingine?"

"Upande mwingine nitaupigia deki kwa mbali."

Lilikuwa bwawa la ndani, katika jengo la matofali mekundu lenye zaidi ya miaka mia moja. Kazi yake ilikuwa kufika kabla ya jua, kukunja turubai linalofunika maji, kupima klorini, kusafisha vichujio na kupiga deki kabla waogeleaji hawajaja. Ili kufika bwawani alipita ukumbi mrefu, na ukutani mwa ukumbi huo ilitundikwa picha moja kubwa ya mwanamke. Alivaa vazi la kuogelea la sufu nyeusi lililomfika magotini, na soksi nyeusi chini yake. Mkononi ameshika kikombe cha ushindi. Nywele zake zimelowa. Hacheki, na anamtazama mpiga picha kama mtu aliyechelewa kazini. Chini yake imeandikwa: Hester Crandall, 1912.

Siku ya kwanza ya kazi Zefania alisimama mbele ya picha ile, akavua kofia. Hakuwajua waliolichimba bwawa, lakini huyu alionekana ndiye mwenyewe. "Shikamoo, bibi," akasema, akaenda kukunja turubai. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka kumi na moja.

Aliyemsimulia habari za yule mwanamke alikuwa Bibi Audrey, mwogeleaji wa miaka themanini na zaidi aliyekuja kila siku saa tatu na mkongojo wake. Zefania alimwamkia naye shikamoo, akamfundisha kuitikia marahaba, na Audrey akaipenda sana ile marahaba, akawa anaiitikia hata anapoulizwa mambo mengine. Kwa malipo ya hilo, au kwa upweke tu, akaamua kumfundisha Zefania kuogelea. Mpare wa miaka hamsini akafundishwa kupuliza mapovu na bibi kizee. Irene, binti yao, aliomba video, akanyimwa.

Huku akimfundisha alimpa na hadithi, na jioni Zefania aliileta mezani, pamoja na ugali. Hester, au Bibi Hesta kama walivyokuja kumwita nyumbani, alikuwa binti wa mtu aliyekodisha mitumbwi ukingoni mwa mto Potomac. Baba yake alimfunga kamba kiunoni akamtupa mtoni, akamvuta, akamtupa tena, mpaka siku kamba ilipolegea yenyewe. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia mashindano ya kuvuka mto pamoja na wanaume, akawashinda wote isipokuwa wawili, na magazeti yakaandika zaidi habari za soksi zake. Mwaka huohuo wanawake walikubaliwa kwa mara ya kwanza kuogelea katika Olimpiki, kule Uswidi, lakini nchi yake haikumpeleka mwanamke hata mmoja. Alishinda vikombe Baltimore na Philadelphia, mabega yakamchosha, akarudi kufundisha watoto katika bwawa hili hadi uzee ulipoanza kumnyemelea. Hakuolewa. Audrey alikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa mwisho.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mtu haogelei peke yake. Kila mtoto alikuwa na mwenzake. Filimbi ikilia, mnashikana mikono na kuinyanyua juu, naye anahesabu.

"Na yeye mwenyewe alikuwa na nani?" Vumilia aliuliza.

"Hana mtu. Ndivyo alivyokufa. Aliingia majini Jumatatu alfajiri, siku ambayo hapafunguliwi. Hakutolewa mpaka Jumanne."

Vumilia alisema Mungu amrehemu, akaongeza mchuzi.

Ilikuwa Novemba, mwaka juzi, Zefania aliporudi kutoka kazini mchana akakaa mezani bila kuvua koti. Vumilia alikuwa anakaanga dagaa.

"Leo ameitikia," Zefania alisema.

"Nani?"

"Bibi Hesta."

Vumilia alizima jiko. "Ameitikiaje?"

"Marahaba. Nimemwamkia pale ukutani kama kawaida. Nimeshafika mlango wa bwawa ndipo nikasikia. Haikutoka kwenye picha, mama Irene. Ilitoka mbele yangu, kule kwenye maji."

"Ni Audrey huyo. Si umemfundisha wewe mwenyewe?"

"Audrey yuko Florida kwa mwanawe. Wiki ya pili sasa."

Irene, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake, alijibu kwa Kiingereza kama alivyozoea. Alisema ni mabomba. Jengo la miaka mia lazima mabomba yake yangurume.

"Mabomba ya Virginia yamesomea wapi Kiswahili?" baba yake akamuuliza.

Irene alicheka. Vumilia hakucheka. Alikuwa amekua akionywa kwamba ukiitwa na sauti ambayo humwoni mwenyewe, usiitike. Onyo hilo kila mtoto wa kwao analo. Lakini hakuna mzee aliyewahi kusema ufanye nini ikiwa wewe ndiye uliyeanza kuita.

Jumapili Elieth, dada yake Zefania, alikuja kutoka Manassas kula nao chakula cha mchana, akasimuliwa. Akaweka kijiko chini.

"Kaka, umemsalimia mzungu aliyekufa kabla mama hajaolewa. Kila siku ya Mungu. Ulitegemea nini? Shikamoo mtu hawezi kuinyamazia milele. Hata mimi ningechoka, ningeitikia ili uniache nipumzike."

"Sasa niache kumwamkia?"

"Ukiacha ndiyo atauliza kulikoni."

Walicheka yeye, Zefania na Irene, lakini Vumilia akaenda jikoni kuchukua maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kuanzia hapo Zefania alikuwa akileta habari za bwawani kama mtu anayesimulia mfanyakazi mwenzake. Alisema siku hizi akikunja turubai anakuta maji chini yake hayajatulia. Mawimbi madogo yanagonga kuta, kama mtu ametoka sasa hivi. Alisema kuna asubuhi alikuta nyayo zilizolowa, nyembamba, kutoka ukingoni hadi ukumbini, na pale chini ya picha zimekoma. Alizipigia deki. Alisimulia haya akimenya chungwa, bila kupunguza sauti wala kutazama nyuma, na utulivu huo ndio uliomtisha Vumilia kuliko nyayo zenyewe.

"Twende kwa mchungaji," alimwambia.

"Nikamwambie nini? Kwamba nimeitikiwa salamu?"

Naye alikuwa ameanza kuogelea kila alfajiri kabla ya kufungua. Vumilia alimkumbusha sheria, kwamba mtu haogelei peke yake, kwamba daktari alishamwonya juu ya moyo wake.

"Siko peke yangu," Zefania akajibu.

Mara moja tu Vumilia alikubali kwenda naye bwawani. Ilikuwa Jumamosi, giza bado. Aliketi kwenye benchi la mbao kando ya bwawa, Biblia ndani ya mkoba, koti limefungwa hadi shingoni. Dari lilikuwa juu sana na taa zilikuwa chache. Zefania aliingia majini, akaanza kwenda, polepole, mkono baada ya mkono, kama alivyofundishwa. Vumilia alifumba macho akasali huku akisikiliza. Mikono ya mumewe ilipiga maji ikaenda hadi ukuta wa mbali, ikanyamaza. Lakini sauti haikunyamaza. Iliendelea kuja, mkono, na mkono mwingine, ikafika ukutani pale alipokuwa Zefania, ndipo ikatulia. Alipofungua macho alimwona mumewe peke yake, ameshika ukingo, anahema. Uso ameugeuzia pembeni, kwa adabu, kama anayemsikiliza mtu.

Alijiambia ni mwangwi. Majengo makubwa yana mwangwi. Usiku alijiambia tena, na tena.

Zefania alikufa Februari mwaka huu, Jumanne alfajiri.

Aliyempigia simu Vumilia alikuwa Ethan, meneja wa bwawa, mtu mzima mwenye sauti ya upole, na siku hiyo sauti ilikuwa haikamiliki. Hospitalini daktari alieleza kwamba moyo ulisimama ghafla, na kwa dalili zote ulisimama wakati yuko ndani ya maji, upande wa kina kirefu. Mapafu hayakuwa na maji. Hakuteseka, alisema. Vumilia alimshukuru. Kisha akasikia kilichobaki kutoka kwa Ethan.

Ethan hakumkuta majini. Alimkuta nje, juu ya sakafu, kando ya kina kirefu, mahali ambapo hakuna ngazi. Alikuwa amelazwa chali, amenyooshwa, miguu pamoja, mikono ubavuni. Chini ya kichwa palikuwa na taulo lililokunjwa.

"Huenda alitoka mwenyewe, akajisikia vibaya, akalala," Ethan alisema.

Daktari alipoulizwa alisema kwa moyo ule hadhani, lakini hawezi kuapa. Kamera ya mlangoni ilimwonyesha Zefania akiingia na, saa nzima baadaye, Ethan. Katikati hapakuingia mtu. Ndani kwenye maji hawaweki kamera.

Vumilia aliufikiria ukingo ule mrefu, akaufikiria mwili wa mumewe, mtu mzito. Halafu akafikiria taulo. Zefania hakuwahi kukunja taulo maishani mwake. Tangu waoane Vumilia ndiye aliyekuwa akiyaokota sakafuni, yeye ambaye hotelini alikunja mamia, na mara nyingi alimwambia kwamba siku akikunja moja atamwita mchungaji aje kushuhudia.

Jioni alizungumza na mama mkwe wake, Bibi Nakundwa, kule Mbaga. Kilio kilikuwa kimeshapita nyumba zote. Sauti ya mama ilikuwa kavu.

"Nani alimtoa majini?"

"Walimkuta ameshatoka, mama."

"Mwanangu, maiti hatoki majini. Alitolewa. Ni nani?"

"Sijui, mama."

"Basi mtafute. Umnawishe mikono kabla hamjanipandishia mtoto wangu kwenye ndege. Mimi nilimnawisha aliyembeba baba mkwe wako kutoka shambani, na mama mkwe wangu alifanya vilevile. Aliyemshika wa kwanza haachwi hivihivi. Mikono isiyonawishwa huendelea kushika. Unataka mume wako abaki kwenye maji ya watu?"

"Yuko kwa Bwana, mama."

"Najua yuko kwa Bwana. Nakuuliza kuhusu mikono."

Desturi hiyo Vumilia aliijua, kila mtu wa ukoo ule aliijua. Haina uganga wala kafara. Mjane huchukua jagi la maji safi na beseni, humpigia magoti yule aliyemshika marehemu kwanza, humnawisha, humwambia asante kwa mikono yako, sasa ipumzike. Basi. Mpaka hapo hakuwahi kuifikiria zaidi ya adabu ya wazee. Lakini asubuhi iliyofuata, saa ileile ambayo Zefania alizoea kuamka kwenda kazini, chumba kilijaa harufu ya klorini. Aliwasha taa. Upande wa kitanda wa mumewe ulikuwa mkavu na mtupu. Irene alitokea mlangoni na nguo za kulalia, akauliza, kwa Kiswahili, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mdogo: "Mama, baba amerudi?"

"Kalale, mwanangu."

Irene hakwenda kulala. Aliingia kitandani kwa mama yake, wakakaa macho mpaka harufu ikaisha. Alhamisi ilirudi tena, nzito kuliko ya jana.

Mchungaji naye alikuwa anaomba wasifu wa marehemu. Ibada ya kuaga ilikuwa Jumamosi, na mwili ungesafiri Jumapili. Vumilia alikuwa ameshaandika kuzaliwa, ubatizo, shule, ndoa na kazi. Alibakiza sentensi ya mwisho, ile inayosema mtu alifia wapi na alikuwa na nani. Aliandika "alifariki peke yake," akaifuta. Aliandika "alifariki," akaona inaning'inia. Kila mara alipoifikia sentensi hiyo alimwona Zefania ukutani mwa bwawa, uso kando, anasikiliza. Kama aliyekuwa naye alimpenda, basi amshukuru. Kama hakumpenda, basi bado amemshika.

Ijumaa asubuhi alichukua jagi la plastiki na beseni la bati, akavuka daraja.

Alianza na Ethan, maana moyoni alitumaini mambo yawe mepesi. Alimweleza desturi, akapiga magoti pale ofisini, akamwomba anyooshe mikono. Ethan alirudi nyuma, uso mwekundu.

"Siwezi kukudanganya, Vumilia. Sikumgusa. Nilipomwona nilijua. Nikapiga simu, wakaniambia nisimsogeze. Waliokuja walikuwa na glavu, na yeye alikuwa ameshalazwa pale."

Alimfungulia mlango wa bwawa akamwacha. Siku hizo palifungwa kwa heshima ya marehemu, turubai limetandazwa juu ya maji. Kwenye benchi la mbao alimkuta Bibi Audrey, ameketi na koti lake, mkongojo magotini.

"Nilijua utakuja," Audrey alisema. "Sijui kwa nini nilijua."

Vumilia aliketi karibu naye, akamwambia yote: mama mkwe, harufu, sentensi. Hakuona haya. Audrey alisikiliza huku akitazama turubai, ambalo katikati lilikuwa likipanda na kushuka kidogo, kama tumbo la mtu aliyelala.

"Ni vichujio hivyo?" Vumilia aliuliza.

"Ethan amezima kila kitu tangu Jumanne."

Vumilia alilitazama tena turubai.

"Alimtoa yeye," Audrey alisema mwishowe. "Wewe unajua na mimi najua. Lakini kuna jambo sikumwambia mumeo, kwa sababu alikuwa akimwamkia kwa upendo. Inafaa wewe ulijue kabla hujapiga magoti."

Akasimulia. Ilikuwa kiangazi, Audrey ana miaka minane, wamesimama wawili wawili ukingoni wakingoja filimbi. Mlango ukagongwa. Bibi Hesta akaenda kufungua. Nje alisimama binti mweusi wa miaka kama kumi, taulo begani, jua limemchoma, akasema anaomba kujifunza. Wakati huo bwawa lilikuwa la watu weupe tu, na hapakuwa na jingine. Bibi Hesta alimtazama. Akasema, "Si hapa." Akaufunga mlango kwa mikono miwili, polepole, akarudi, akapiga filimbi.

"Wiki ileile binti mmoja alizama mtoni," Audrey alisema. "Sikujua kama ndiye. Nadhani Hester alijua. Siku tatu alikuwa mtoni na watu wa mitumbwi, anazama na kuibuka, anatafuta. Hakumpata. Baada ya hapo alifundisha vilevile, lakini akihesabu mikono yetu alihesabu mara mbili, na kila mara alionekana kukosa mmoja."

Vumilia aliinuka. Jagi lilikuwa mkononi, naye hakukumbuka kulichukua. Alimfikiria Irene, kama angekuwa ndiye aliyesimama mlangoni mwaka ule, taulo begani. Hasira ilimpanda hadi akaona taa zimefifia.

"Mikono hiyohiyo?"

"Hiyohiyo."

Alitembea hadi ukumbini. Alikusudia kwenda kwenye gari. Ilibidi apite mbele ya picha, naye akasimama, akamtazama yule mwanamke machoni kwa muda mrefu, bila kumwamkia. Alifikiria kwamba Pilato alinawa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu, akajitangazia kuwa safi, na hakuna aliyemnawisha. Huyu hakuwahi kunawa. Alifikiria pia kwamba Bwana alipowatawadha wanafunzi wake miguu hakumruka Yuda, ingawa alimjua. Na katikati ya mawazo hayo matakatifu lilimjia lile taulo, lilivyokunjwa na kuwekwa chini ya kichwa kizito cha mume wake, na hilo ndilo lililomgeuza.

Alirudi. Audrey alimwonyesha kwa mkongojo mahali Zefania alipolazwa, kando ya kina kirefu. Vumilia aliweka beseni sakafuni, akapiga magoti, akasali kwanza, kwa sauti, ili lisiwepo shaka anafanya kwa jina la nani. Kisha akainua jagi.

"Asante kwa mikono yako," alisema kwa Kiswahili. "Ulimfungia mtoto wa watu mlango. Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake, mwenyewe yuko huko mliko. Lakini mume wangu ulimtoa. Hukumwacha majini. Asante. Sasa ipumzike. Mwachie."

Akamimina.

Maji yalitoka jagini, na hayakufika. Vumilia aliyaona yakitoka, akasikia jagi likipungua uzito, na beseni chini lilikuwa kimya. Halafu yalifika, si kwa mkondo mmoja kama yanavyomiminwa, bali matone matone, pande mbili, kama maji yanayochuruzika katika vidole. Baridi ilimpanda kutoka magotini. Hakuacha. Alimimina mpaka jagi likaisha, na kwa muda uliozidi ule wa jagi kuisha matone yaliendelea kudondoka.

Alipotazama beseni, maji aliyoyaleta safi kutoka bombani kwake yalikuwa na tope jembamba, la rangi ya mto.

Nyuma yake turubai lilishuka. Hakugeuka kuangalia, ila alisikia mawimbi yakigonga ukuta, yakagonga tena kwa unyonge, yakaacha. Bibi Audrey alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mkongojo.

Vumilia alimwaga maji yale mtoni, kando ya gati la zamani la boti, maana hakutaka kuyarudisha bombani. Akakaa ndani ya gari akapiga simu Mbaga.

"Umemnawisha?" Bibi Nakundwa aliuliza kabla ya salamu.

"Nimemnawisha, mama."

"Ni nani basi?"

"Bibi mmoja wa kule kazini kwake. Alikuwa mwalimu wa kuogelea."

"Mzungu?"

"Mzungu."

Kule nyuma jogoo wa mtu aliwika, ingawa kwao ilikuwa jioni.

"Alimshika vizuri mwanangu?"

"Alimlaza vizuri, mama. Alimwekea taulo chini ya kichwa."

Hapo ndipo Bibi Nakundwa, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu Jumanne, alilia. Vumilia alishika simu sikioni, naye akalia pamoja naye, kila mmoja upande wake wa dunia, hadi mama akapenga kamasi.

"Mwandike," akasema. "Watu wajue mwanangu hakuwa peke yake."

Jumamosi kanisa lilijaa hadi vibarazani. Mchungaji alisoma wasifu wote, Mbaga na ndiva, ubatizo, ndoa, Irene, bwawa. Alipofika mwisho alisoma bila kusita: "Ndugu yetu Zefania alifariki Jumanne alfajiri, mahali pake pa kazi, akiwa na Bibi Hester Crandall, mwalimu." Watu wakasema amina. Elieth tu, aliyekaa kiti cha mbele karibu na jeneza, ndiye aliyegeuza shingo taratibu akamtazama wifi yake. Vumilia hakukwepa macho yake. Elieth alivuta kanga ikafunika mabega yao wote wawili, na kwaya ikaanza.